Subaru imelala chini, tairi linaliwa kwa ndani

SIKU Simba au Yanga inapocheza mkoani, kaa pale Chalinze tangu asubuhi uangalie msafara ukipita. Utaona mabasi yenye bendera, Noah zilizojaza watu mpaka buti, na katikati yake hazikosi Subaru Impreza tatu nne zinazonguruma. Zimeshushwa, rimu zinang'aa, tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Vijana wamevaa jezi, muziki uko juu, mguu uko kwenye mafuta. Mwenye gari atakuambia kwa kujiamini kwamba tairi zake ni mpya, hazijamaliza hata miezi sita.

Na si muongo. Ukisimama pembeni ya gari ukatazama, kashata zipo, nyeusi, zimekaa vizuri. Ila chuchumaa, ingiza kichwa nyuma ya lile tairi la nyuma, utazame upande wa ndani, ule unaotazamana na shokapu. Kwenye baadhi ya gari hizo huko ndani hakuna kashata kabisa. Ni kipara, na kwa zile zilizozidi, waya za chuma zimeshaanza kuchungulia. Nusu ya tairi ni mpya, nusu ni marehemu, na linaelekea Morogoro kwa kasi ya kilomita 130 kwa saa likiwa na watu watano.

Najua ukurasa huu ni wa mpira. Lakini hii ni habari ya daluga. Mtunza vifaa wa timu akipokea kiatu cha winga, akakuta njumu za upande mmoja zimeisha na za upande wa pili nzima, halaumu kiatu. Anajua kuna namna huyu mtu anakanyaga. Anamwita daktari wa timu waangalie goti, nyonga, kifundo. Sisi kwenye gari tunafanya kinyume. Tairi likiisha upande mmoja tunalaani kampuni ya tairi, tunanunua jingine, tunalifunga kwenye mguu uleule mgonjwa.

Ukweli ni kwamba tairi halijili lenyewe. Linaliwa na mguu, na kwa Subaru nyingi za mjini mguu uliharibika siku gari lilipopelekwa gereji kushushwa.

ZILIZOSHINDA SAFARI ZILIINULIWA

Mapenzi yetu kwa Impreza hayakuanza hewani. WRX ya kwanza ilitoka Japan mwaka 1992, na miaka michache baadaye watu wa Afrika Mashariki walikuwa wanaiona ikiruka vumbi kwenye Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae, Mskoti aliyekuwa haendeshi bali anapigana na gari, aliishinda Safari akiwa na Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akairudia kazi hiyo na Impreza nyingine. Vijana waliokuwa pembeni ya barabara siku zile ndio baba zao hawa wanaoshusha gari leo.

Sasa kinachochekesha ni hiki. Zile Impreza zilizotufanya tuipende Subaru hazikuwa zimelala chini hata kidogo. Ziliinuliwa. Zilifungwa shokapu ndefu ili tairi lipate nafasi ya kupanda na kushuka kwenye mashimo bila mwili wa gari kugonga chini. Mbele zilikuwa na vyuma vya kujikinga, na bomba la kupumulia limepandishwa juu ili injini isinywe maji kwenye mito. Hata kabla ya hapo, mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari ya michezo yamewahi kuyashinda: Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, lilitwaa ubingwa mwaka 1971 na Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hakuna aliyelishusha ili lipendeze.

Timu za ubingwa wa dunia wa rally hubadilisha mguu wa gari kulingana na uwanja, kama kocha anavyobadilisha mfumo. Kwenye lami laini za Ulaya gari hushushwa, hukazwa, na hufungwa rimu ya inchi 18 yenye tairi jembamba la ubavuni. Kwenye vumbi na mawe gari hilohilo hupandishwa, shokapu hulainishwa, na rimu huteremka mpaka inchi 15 ili ubavu wa tairi uwe mnene wa kupokea mapigo. Hao ni watu wenye mainjinia, kompyuta na lori zima la vipuri. Wakiona mashimo wanafunga inchi 15. Sisi tunaziona barabara za mitaani kwetu, matuta na rasta zake, kisha tunafunga 18.

Na hata wao mguu ukigoma, mechi imeisha. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili, siku ya mwisho, akiwa kinara kwa karibu dakika moja. Kwenye rally hiyo ni sawa na kuongoza mabao matatu zikiwa zimebaki dakika 20. Hatua ya kwanza ya asubuhi, Loldia, shokapu ya nyuma kulia ikafa. Hakupinduka, wala injini haikuzima. Shokapu moja tu. Sébastien Ogier wa Toyota akabeba kombe, Takamoto Katsuta akawa wa pili, na Neuville akaenda zake nyumbani.

MITI YA GOLI NA MIGUU YA BATA

Turudi kwenye Impreza yako. Simama mbele yake uitazame usoni. Tairi zikiwa zimesimama wima kama miti ya goli, hiyo mafundi wanaita kemba sifuri. Vichwa vya tairi vikiinamia ndani kuelekea injini na nyayo zikatanuka nje, kama kipa aliyetanua miguu akisubiri penalti, hiyo ni kemba hasi.

Kemba hasi si ugonjwa. Gari likikata kona kwa kasi hulala upande, na tairi la nje hutaka kusimamia ukingo wake wa nje. Ukiliinamisha kidogo ndani tangu mwanzo, likifika kwenye kona linakaa bapa na kushika barabara yote. Ndiyo maana magari ya mashindano huwekewa makusudi. Ila wao wanakata kona muda wote. Barabara ya kutoka Chalinze kwenda Morogoro imenyooka, na kwenye mnyoofu tairi hilo linatembelea ukingo wa ndani kilomita kwa kilomita. Ukilishusha gari bila kurekebisha kitu kingine, vyuma vinavyoshika mguu hubadili pembe, na kwenye Impreza nyuma ndiko kemba inakoongezeka waziwazi.

Halafu kuna kitu kibaya kuliko kemba, na hiki ndicho wengi hawakijui. Panda ghorofani ulitazame gari kutoka juu. Tairi mbili za mbele zinatakiwa kutazama mbele sambamba. Zikitazamana kwa ndani, au zikitengana kama miguu ya bata, gari linatembea likijiburuza. Tuuite mwelekeo. Gari likishushwa, mwelekeo unahama pamoja na kemba, kwa sababu fimbo za usukani nazo zimebadili pembe.

Piga hesabu kidogo. Tairi lililopinda nusu digrii tu, kitu ambacho kwa macho huwezi kukiona, kila kilomita moja linaburuzwa pembeni karibu mita tisa. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Kwa safari ya kwenda tu, tairi hilo limeburuzwa kwenye lami zaidi ya kilomita moja na nusu. Ichukue njia ya wakimbiaji ya Uwanja wa Mkapa, uliburute tairi likiwa limebebeshwa uzito wa gari, mizunguko minne. Hujarudi bado. Kemba peke yake inakula taratibu, mwelekeo ukiharibika unakula kwa pupa, na vikikutana vyote viwili kwenye tairi moja, ukingo wa ndani hauna pa kukimbilia.

Usidhani ni sisi tu wa gereji za uchochoroni. Mwaka 2011 kule Spa, Ubelgiji, Red Bull walikuwa ndio timu bora ya Formula One duniani. Pirelli, watengeneza tairi, walitoa mwongozo kwamba kemba ya mbele isizidi digrii nne. Red Bull wakazidisha kidogo, wanatafuta sekunde. Baada ya mbio za kupanga nafasi, tairi za mbele zikakutwa zimetoka malengelenge kwenye ukingo wa ndani. Wakaomba ruhusa ya kubadilisha, wakanyimwa. Ilibidi waanze mbio na tairi zilezile na kukimbilia kubadilisha mapema. Sebastian Vettel alishinda na mwenzake Mark Webber akawa wa pili, kwa hiyo historia imeandika ushindi. Lakini wao walikuwa na mafundi wanaosubiri tairi jipya mizunguko michache tu mbele. Wewe ukipita Mikese hakuna anayekusubiri.

GRAINDA SI KIPURI

Njia za kushusha gari ni tatu, na hazifanani.

Wenye mfuko hufunga koilova, yaani springi na shokapu vilivyoundwa pamoja, unapandisha na kushusha kwa kuzungusha, unakaza na kulegeza. Ikiwa ya kampuni inayoeleweka na fundi anajua anachofanya, gari linatulia kweli. Shida ya mitaani ni kwamba inazungushwa mpaka mwisho wa chini kwa ajili ya picha, shokapu inabaki bila nafasi ya kucheza, kila shimo inagonga mwisho wake.

Wengine hubadili springi peke yake, wanaweka fupi na ngumu juu ya shokapu za zamani zilizokuja na gari kutoka Japan. Springi inasukuma kwa nguvu ambayo ile shokapu haikuumbiwa kuizuia. Gari linadundadunda. Kila tairi likidunda linaacha lami kidogo na kuikwangua linaporudi, na baada ya muda kashata zinakuwa na mabonde mabonde ukizunguka tairi. Tairi lililo hewani halishiki breki wala haligeuki.

Njia ya tatu ni kukata springi kwa grainda, au kuichoma kwa gesi mpaka ilegee. Hapa niseme bila kuzunguka: huo ni ushamba. Springi iliyochomwa imepoteza uhai wake wa chuma. Iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi zaidi kwa mpigo mmoja, na gari likinyanyuka kwenye tuta springi inaweza kulegea kwenye kikalio chake. Fundi mzee yeyote wa Gerezani pale Kariakoo anajua haya. Atakukatia tu ukisisitiza, kwa sababu pesa ni pesa na gari ni lako.

Kuna jambo moja dogo la Impreza ambalo linapita kimyakimya. Shokapu ya mbele imeshikwa kwenye mguu kwa bolti mbili, na ile ya juu si ya duara kamili. Ukiizungusha unabadili kemba. Ndiyo sehemu ya kurekebishia iliyotoka kiwandani. Maana yake ni kwamba kila fundi anapoifungua shokapu ya mbele, hata kama amebadilisha tu iliyovuja, kemba imeguswa. Asipoweka alama kabla ya kufungua, na asipoipeleka gari kupimwa baada ya kufunga, amekuachia mguu uliopinda. Nyuma, kwa Impreza za vizazi vya kwanza na vya pili, mwelekeo unarekebishika lakini kemba haina pa kurekebishia mpaka ununue vipuri vya ziada. Wanaoshusha nyuma mpaka tairi linaingia ndani ya mwili wa gari waulizwe kama walinunua hivyo vipuri.

UKIHARIBU MOJA UNANUNUA NNE

Hapa ndipo mfuko unapolia. Kwenye gari la kawaida tairi moja likiisha unabadili mbili za ekseli hiyo, maisha yanaendelea. Subaru inavuta kwa miguu yote minne, na katikati kuna mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mtambo huo unataka tairi zote zizunguke sawa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, kama milimita 6.

Ni ndogo kuliko unavyodhani. Tairi jipya lina kina cha kashata kama milimita 8. Zile tatu ulizobaki nazo tuseme zina 5. Tofauti ni milimita 3, unaona si kitu. Lakini kwenye mzunguko mzima inakuwa karibu milimita 19, mara tatu ya kinachovumilika. Mtambo wa katikati unaanza kufanya kazi barabarani muda wote kana kwamba gari linateleza, unapata moto, na ukifa bei yake inazifanya tairi zionekane karanga. Kwa hiyo aliyeokoa hela ya kupima mguu wa gari, ananunua tairi nne. Wengi hapo ndipo wanapokimbilia za mtumba.

Kuhusu hizo za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, ndani ya kile kiduara chenye maandishi yanayoanza na DOT. Ikiandikwa 3219 maana yake limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nene na mpira ukawa umeshazeeka na kukauka. Tairi kama hilo ukilipa kemba mbaya, upepo mdogo na jua la saa saba, linapata joto mpaka linaachia. Likipasuka la nyuma ukiwa kwenye kasi, mkia wa gari unataka kuwa mbele, na usukani hauna la kukusaidia.

KABLA YA KUPAKIA JEZI

Ukaguzi hauhitaji fundi. Tairi za mbele, zungusha usukani mpaka mwisho uone uso wote. Za nyuma, washa kamera ya simu na taa yake, ipitishe nyuma ya tairi urekodi, halafu utazame video. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo vya kina cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, tairi limemaliza kazi, hata kama ni ukingo mmoja tu. Kisha injini ikiwa imezimwa pitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Upande mmoja ukiwa laini na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, mwelekeo umeharibika. Ukikuta mabonde, tuhumu shokapu au balansi. Kingo zote mbili zikiisha na katikati nzima, unaendesha na upepo mdogo. Katikati pakiisha peke yake, umejaza kupita kiasi. Kipimo cha upepo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ila kiliandikwa kwa tairi za saizi ya kiwandani.

Ukienda kupima, kwanza fundi atikise boljointi, tairodi na bushi. Kupima gari lenye boljointi iliyochoka ni sawa na kupiga chaki ya uwanja wakati magoli yanatembea. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mashine za kisasa zinazichapa, na anayekwambia "nimeshaweka sawa, kaka" bila karatasi hajakuonyesha kitu. Kwa gari la barabarani lililoshushwa kwa kiasi, kemba hasi ya digrii moja mpaka moja na nusu inatosha kabisa kukupa raha ya kona, na mwelekeo uwe sifuri au karibu na sifuri. Springi zikiwa mpya, endesha wiki moja mbili zikae, urudi upime tena.

Fanya hayo Jumatano au Alhamisi, si Jumamosi usiku wakati msafara unaondoka alfajiri. Na ukishika ukingo wa ndani kidole kikachomwa na waya, gari hilo halitoki Dar. Omba siti kwenye Noah.